Radhi Niliyoipata Horini

Mwaka jina langu lilipotoka katika orodha ya mahujaji, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa la kivivu. Nilichukua ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu za watu, wenye picha ya Kaaba na maua mekundu pembeni, unaosema ndugu zangu nasafiri, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua naomba uniwie radhi, nikaubandika kwenye kundi la ukoo. Humo tumo wengi, wa Ibra, wa Nizwa, wa Maskati, na wawili watatu waliobaki Unguja. Kwa nusu saa radhi zilimiminika. Hata binamu mmoja ambaye sijapata kumkosea, wala kumtendea jema lolote, alinisamehe. Dada yangu hakujibu.

Ni mdogo wangu kwa miaka minne, na hatukuzaliwa wengine. Kwetu haiendwi hija na kinyongo cha ndugu mgongoni. Waweza kuwa na nauli, na afya, na ihramu nyeupe pe, lakini kama yuko mtu wa damu yako anayeuguza ulichomtenda, wazee watakwambia unakwenda kutembea tu. Haki ya Mungu, Mungu huisamehe. Haki ya mja, msamehevu ni mja mwenyewe. Nami nilikuwa na haki ya mja shingoni kwa miaka mitano, nikijua ni ya nani, na nikijua vizuri kuwa picha yenye maua haitaiondoa.

Haki yenyewe ni hii. Mama alifariki nyumbani kwangu Ibra, asubuhi ya Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri. Dada yangu wakati ule alikuwa muuguzi Nizwa. Nilimpigia simu. Akasema, "Kaka, nakuja. Msimchukue mpaka nimwone uso." Nikamwambia, "Tutakungoja." Neno hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu huu, na hakuna aliyenishika koo nilitamke.

Kwetu maiti hakawizwi. Huoshwa, hukafiniwa, uso huachwa wazi kidogo ili walio karibu naye wamuage, kisha sanda hufungwa na wanaume humbeba. Wanawake hawafuati makaburini. Kwa mwanamke, basi, pale chumbani ndio mwisho. Akikosa pale amekosa. Nizwa na Ibra si mbali, ila njia fupi hupita Sinaw, na Alhamisi Sinaw ni soko. Mabedui wamejaza mbuzi na ngamia kwenye magari, wanageuka popote wanapotaka, na mnada wa mbuzi huweza kufanyika mbele ya gari lako nawe umo ndani unapiga honi. Dada yangu, aliyechelewa kuachiwa zamu hospitali, alikwama hapo. Alinipigia mara tatu. Mara ya tatu simu sikuipokea.

Baada ya adhuhuri wanaume walisimama uani katika jua, na mzee mmoja akasema kumheshimu maiti ni kumharakisha. Wote wakanigeukia mimi, mwana wa kiume, mwana mkubwa. Ningesema, "Nipeni nusu saa, mwenzangu yuko njiani," wangenipa, na wangesema Mungu amrehemu mama aliyezaa watoto wanaopendana. Nikasema, "Haya, bismillahi." Tulipokuwa tunakunja kona ya msikiti, jeneza liko mabegani, gari lake likaingia uchochoro wa nyuma. Nililiona. Nikaendelea kutembea.

Siku tatu za matanga alikaa na wanawake ndani, hakunitolea neno. Baada ya hapo alinitolea maneno machache, tena ya adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Kwenye arusi ananiamkia, naitikia, anauliza hali ya watoto, anakwenda kukaa mbali. Mume wake alipopata kazi Sur walihamia huko, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba sasa kuna masafa ya kusingizia.

Siku ya pili baada ya ujumbe wa maua nilimwandikia peke yake, bila picha. Nilimwambia nasafiri, naomba nije tuwiane radhi uso kwa uso. Alijibu siku mbili baadaye: "Jumamosi saa moja na nusu asubuhi. Lete nguo za kubadilisha." Chini yake akaniletea ramani, na alama yake haikuwa kwenye nyumba yoyote. Ilikuwa nje ya mji, kwenye maji. Mke wangu aliisoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Anataka kukutosa," akasema, "na haki yake."

Nilitoka Ibra mara baada ya alfajiri. Nilibeba halua ya kwetu, bado vuguvugu, na birika la kahawa, kwa sababu hakuna Mwomani aendaye kuomba jambo mikono mitupu. Njiani nilijitayarisha maneno. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka mingi, nimezoea kuandika ripoti kichwani ninapoendesha: kwanza sababu, pili mazingira, tatu ombi. Nilikuwa na sababu nzuri sana. Nilikuwa na hadithi za Mtume, na joto la siku ile, na umri wa wale wazee. Nilipoiona bahari ya Sur nilikuwa nimeshakuwa mtu asiye na kosa kabisa.

Nilimkuta ufukweni mwa hori, mahali bahari inapoingia nchi kavu na kujificha. Alikuwa amevaa suruali pana na kanzu ya mpaka magotini, kichwa amekifunga kwa nyuma, miguu mitupu. Alikuwa amekonda. Kando yake zilikuwa zimelazwa kayaki za plastiki, nyekundu na za manjano, ambazo mimi nilikuwa nimeziona juu ya magari ya watalii tu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo, ndugu yangu?"

"Sijambo. Hivyo ulivyobeba virudishe garini."

"Ni halua."

"Naiona. Ungekuja nyumbani ningekukaribisha, ungekula, ungekunywa, ungeniambia nisamehe, nami ningesema nishakusamehe, kwa sababu mbele ya kahawa ndivyo watu wasemavyo. Miye nshachoka na maneno ya kahawa. Leo tutapiga makasia."

Nikarudisha halua garini. Ripoti yangu nayo nadhani niliiacha huko huko.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Sur hasa, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Kazi yake ni kuingiza wageni ndani ya hori na kuwatoa kabla maji hayajapwa. Dada yangu alikuwa akienda naye kila Jumamosi tangu alipostaafu. Nilikuwa silijui hilo, kama ambavyo nilikuwa sijui mengi. Alipotusikia tunazungumza alifurahi, akaniamkia shikamoo kwa lafudhi ya Kiarabu.

"Bibi yangu alikuwa Zinjibar," akasema. "Kiswahili nafahamu yote, wallahi, lakini mdomo yangu nzito. Yallah, ammi, wewe kaa mbele. Khalti, dada yako, nyuma."

"Mzito hukaa nyuma," nikamwambia. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma usiku uliopita, na nilitaka ijulikane kuwa nimelisoma.

"Anayejua anakaa nyuma," akasema, akanivalisha jaketi la kuelea, akalikaza kifuani mpaka nikakohoa.

Kwa hiyo nilikaa mbele. Kayaki ya watu wawili ina jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia: unayesafiri naye humwoni. Sauti yake iko nyuma ya kisogo chako, kasia lake unalisikia likigusa maji, lakini uso wake huupati isipokuwa ujigeuze, na ukijigeuza mnapinduka. Nilijaribu mara moja. Kiongozi alinipigia kelele kwa Kiarabu, na dada yangu akasema kwa upole, "Tazama mbele, kaka."

Tuliingia maji yakiwa yamejaa. Mwanzoni hori lilikuwa pana na jepesi, kisha likaanza kubana, na mikoko ikatusogelea huku na huku mpaka matawi yakawa yananipangusa kilemba. Kule kuna mti wa aina moja tu, ule wenye majani ya kijivu kwa chini. Waarabu wanauita qurm. Mama yetu alikuwa akiuita mchu. Chini ya vivuli vyake maji yalikuwa meusi kabisa. Nilitumbukiza mkono, nikaona vidole vyangu vinapotea kabla maji hayajafika kiwikoni.

"Si chafu," kiongozi akasema, kayaki yake ikitutangulia. "Majani anaanguka, anaoza, tope nyeusi, basi maji anaonekana nyeusi. Na ile," akaelekeza kasia kwenye vijiti vilivyosimama matopeni kwa mamia, vyembamba, wima, "ile pua yake. Tope hana hewa. Mti anatoa pua nje, anapumua."

Na harufu. Ya tope, ya chumvi, ya kitu kilichooza kwa amani. Nilipoivuta ikanijia sauti ya mama. Alizaliwa Wete, Pemba, akalelewa kwenye pwani ya namna hii, na alipoletwa Ibra akiwa msichana, katikati ya mitende na mawe na mifereji ya falaji, alilalamika maisha yake yote kwamba nchi hii ni nzuri lakini haina harufu. Tulikuwa tukimcheka. Tulikuwa tukimletea mafuta ya udi na ubani, tukimwambia haya, nusa, hii si harufu? Akanusa, akasema ahsante.

"Kwa nini hukumleta hapa?" nikauliza. Sikujua nitauliza hivyo.

Nyuma yangu kasia lilisimama. "Kwani weye kwa nini hukumleta? Mwendo wa saa mbili kutoka kwako. Miye hori hili nimelijua baada yake."

Niliendelea kupiga kasia, vibaya, upande wa kulia kuliko wa kushoto, na kila baada ya mapigo matatu pua ya kayaki ilikwenda kugonga mizizi, na kila mara dada yangu akaturudisha njiani. Kaa wadogo walikimbia kwenye tope. Ndege yange mmoja alitutazama akapandisha mguu mmoja, hakuruka. Nilikuwa na hasira, sijui na nani; na yule yange pengine.

Tukafika mahali hori linapofumbuka kidogo, kama ua lililozungushiwa miti. Kiongozi akatwambia tungoje pale. Kulikuwa na mkondo wa pembeni alitaka kwenda kuupima kina, asije akatuingiza tukakwama. "Dakika kumi. Msisogee," akasema, akapotea nyuma ya majani. Maji yalitulia. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye kasia langu.

"Ndugu yangu," nikaanza, "nimekuja—"

"Najua ulichokuja nacho. Ngoja niseme miye kwanza. Sitaki uniombe radhi."

"Basi unataka nini?"

"Nataka uso wa mama." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Miaka mitano nauwaza. Nimeosha maiti wa watu hospitali, nimewafumba macho wageni, Wahindi, Wabengali, watu wasio na wao, na mama yangu sikumwona. Weye uliitwa chumbani ukamuaga. Niambie alikuwaje. Hicho tu. Ukinipa hicho, haki yangu nishaisamehe, nenda kahiji."

Sasa lazima niseme jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Ni kweli niliitwa chumbani. Yule mama wa jirani aliyeosha alinifungulia mlango, akasema, "Njoo umuage mama yako." Niliingia. Nilisimama kwenye ncha ya mkeka. Niliutazama mkeka, nikalitazama beseni, nikaitazama mikono ya yule mama ilivyojikunja kwa maji, nikasikia harufu ya karafuu maiti, nikasoma nilichokisoma, nikatoka. Uso wa mama yangu sikuutazama. Niliogopa. Mwanamume wa miaka hamsini na tano, mkaguzi, mtu wa kuwakemea walimu wakuu, niliogopa kumtazama mama yangu.

Na ile nusu saa niliyomnyima dada yangu, haikuwa kwa ajili ya sunna. Wazee na jua na hadithi nilivitafuta baadaye. Angefika, sanda ingefunguliwa tena, na angeniita, "Kaka, njoo tumuage pamoja," nami ningelazimika kutazama. Ndiyo maana nilisema bismillahi.

Yote hayo yalikuwa mdomoni mwangu pale horini. Ningeyatema yakaisha. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Alikuwa kama mtu aliyelala."

"Ndio," akasema kwa pupa. "Ndio. Na macho?"

"Yamefumba vizuri."

"Kinywa?"

"Kimefumba. Alikuwa..." Nilitazama maji meusi mbele yangu. "Alikuwa anatabasamu kidogo. Upande wa kushoto."

"Upande wa kushoto," akarudia.

"Ngozi imekunjuka. Ukimtazama utasema ni mtu wa miaka arobaini."

"Walimtia karafuu maiti?"

"Walimtia," nikasema. Hilo lilikuwa kweli, na nililishika kama mtu anayezama.

Kisha nikahisi kayaki inatetemeka. Ilianzia nyuma, ikapita katika plastiki, ikaja kwenye kiti changu na mgongoni mwangu, na maji kandokando yakafanya viduara vidogo vidogo. Dada yangu alikuwa analia bila sauti. Sikuweza kugeuka, maana tungepinduka, na hata kama tusingepinduka nisingeweza kumtazama. Nilikaa nimeshika kasia mapajani, nikalihesabu kila tetemeko.

"Nimekuwia radhi, kaka," akasema mwisho. "Duniani na akhera. Na weye uniwie, maana nimekusema kwa watu. Nimesema huna moyo."

"Nimekuwia," nikamwambia.

Basi nikawa nimeipata. Ile radhi niliyoifuata kutoka Ibra ilikuwa mkononi mwangu, na nilijua kuwa haikuwa na thamani ya lile tope. Amenisamehe kwa uso ambao sikuuona. Nilijua vilevile kwamba dawa iko karibu: nifungue mdomo, niseme ndugu yangu, nimekudanganya, mimi nami sikumtazama, tulimkosa sote wawili. Pengine angenipiga kasia la kichwa. Pengine angenishika bega. Ilikuwa haki yake kuchagua.

Kiongozi alirudi akasema maji yameshaanza kupwa, tumfuate kwa haraka, tusiache mkondo wa katikati. Tukageuza. Nilijiapiza: tukifika kwenye mti ulioinama pale mbele nasema. Tukaupita. Nikasema basi tukiwafikia kaa. Mwishowe nikakaza moyo, nikaacha kasia, nikasema, "Ndugu yangu, liko jambo—" na kwa kuwa nilikuwa nimeacha kasia, na yeye amesita ili anisikilize, kayaki ikatoka mkondoni, ikapanda juu ya tope, ikakaa kimya kama ng'ombe aliyechoka.

"Shuka usukume," dada yangu akasema.

Nikashuka. Mguu wa kwanza ukazama mpaka gotini. Nikashusha wa pili ili niutoe wa kwanza, nao ukazama zaidi. Nikashika tawi, tawi nalo likaja mkononi. Nikakaa kitako matopeni, na jaketi langu la kuelea, na kilemba changu cha Nizwa nilichokivaa kwa heshima ya shughuli.

Kiongozi alitokea kwenye kona. "Ammi! Mimi nimesema fuata mimi! Leo tutakaa hapa mpaka magharibi na kaa!"

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Dada yangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea kasia, akapiga paja, akasema, "Jamani, mkaguzi! Mkaguzi kakaguliwa na tope!" kisha akashuka mwenyewe, kwa ustadi, akakanyaga kwenye mizizi, akanipa mkono. Ulikuwa mkono mkavu wa muuguzi, wenye nguvu. Alikuwa hajanishika kwa miaka mitano. Alinivuta, nikatoka na kiatu kimoja, na tope likatoa sauti ya aibu tukacheka sote watatu. Machozi ya kule ndani yalikuwa bado hayajamkauka machoni, na alikuwa anacheka juu yake, na alifanana na msichana niliyekuwa nikimpeleka shule kwa mkono.

Tulipokaa tena, akauliza kutoka nyuma, "Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nimesahau," nikasema.

Sitajitetea. Nimejitetea vya kutosha katika maisha yangu. Niliona furaha yake, nikaiogopa kama nilivyouogopa ule uso, nikafanya lile ninalolifanya siku zote: nikaharakisha. Nilipiga kasia kwa nguvu mpaka ufukweni, na kiongozi akanisifu kuwa hatimaye nimejifunza.

Halua tuliila tumekaa kwenye mchanga, kwa vidole vya tope, na kahawa ikazunguka watu watatu kwenye kikombe kimoja. Dada yangu alinieleza habari za wajukuu wake mpaka jua lilipotukimbiza. Wakati wa kuagana alinibusu kichwani, akasema, "Ukisimama Arafa mwambie Mola miye sina kinyongo na wewe." Nikaitika inshaallah.

Nilisimama Arafa. Watu walilia kulia kwangu na kushoto kwangu, wakitaja dhambi zao kwa lugha zote. Mimi nilimwambia Mola kuwa dada yangu hana kinyongo nami, kama nilivyoagizwa, kisha nikanyamaza, maana Yeye anajua lililobaki. Kama hija yangu imekubaliwa au nilikwenda kutembea tu, sijui, na shekhe sijamuuliza, kwa sababu lazima kwanza nimwambie swali lenyewe.

Tangu nirudi, dada yangu hunipigia kila Ijumaa baada ya sala. Hapo awali miaka ilipita hatupigiani, sasa nikichelewa kupokea hupiga tena. Huuliza sukari yangu, humsalimu mke wangu, nami najua kinachokuja.

"Hebu niambie tena, kaka."

Namwambia tena. Nimekuwa hodari. Nimeongeza nywele zilivyochanwa, nimeongeza nuru ya dirishani, na siku moja nikamsikia mpwa wangu akiwasimulia wenzake arusini jinsi bibi yake alivyoondoka anatabasamu, na wanawake wote wakasema mashaallah, ndio mwisho mwema. Hasira za dada yangu zimekwisha. Analala usiku, aliniambia mwenyewe. Mara nyingi nimefungua mdomo. Lakini nikisema leo nitamnyang'anya mama yake mara ya pili, na mara hii sitakuwa na wazee wa kuwasingizia.

Ijumaa iliyopita aliniuliza kitu kipya. "Nyusi zake je? Alikuwa kazikunja?"

Sikuwa nimefikiria nyusi. Nikafumba macho nimtafute mama akiwa hai, nimwone jikoni anapuliza chai, au uani anagombana na kuku, nione nyusi zake zilikaaje, ili angalau nimpe dada yangu kitu kimoja kilicho karibu na ukweli. Nilimtafuta. Nilimtafuta katika nyumba yote. Kila nilipomfikia alikuwa amelala juu ya mkeka, macho yamefumba, anatabasamu upande wa kushoto, na mama mwingine hakuwepo.

"Kaka? Upo?"

"Nipo," nikamwambia, huku machozi yananitiririka. "Hakuzikunja."